Likizo Bila Kushika Mwiko

Wiki jana niliwaacha nimesimama kwenye geti la watu, kule juu karibu na Iten, mkono mdomoni, nikimtazama mwanamume aliyeketi kwenye baraza ya nyumba tuliyokwisha kuilipia. Alikuwa ametupa mgongo. Kofia kichwani, miguu juu ya kiti cha pili, anakunywa chai kama mwenye mji.

Kwa wewe unayeanza kunisoma leo: mimi ni Phoebe Muhonja wa Navakholo, mjane, mkulima wa miwa na mahindi. Kila Desemba ukoo mzima hunijia nyumbani, nami hupika tangu wanaposhuka garini hadi wanapopanda kurudi mjini. Desemba iliyopita, nikisugua sufuria ya mwisho, nilitangaza kwamba mimi pia nataka likizo.

Mwanangu wa kwanza, Jairus, alicheka mpaka akakohoa.

"Wewe, mama? Likizo? Siku ya kwanza tu utaomba mwiko wa watu."

Tukawekeana ahadi mbele ya wote. Nikikaa mahali siku tatu bila kuingia jikoni wala kushika mwiko, Desemba zote zijazo watapika wao kwa zamu, mimi niwe mgeni kwangu. Nikiingia, hata kama ni kuchukua chumvi, nirudi kwenye moto wangu na nisisikike nikinung'unika tena. Jairus akamteua Mildred awe shahidi. Mildred ni wifi yangu, dada ya marehemu mume wangu, naye huniita mulamwa. Macho yake ni ya mwewe na mdomo wake ni redio.

Haya, turudi getini.

Yule mwanamume akasikia geti likilia. Akageuka.

"Woi!" akasema binti yangu Mideva, mkoba ukamponyoka.

Alikuwa Osiako. Mume wake. Mkwe wangu!

Nilijifunika leso usoni nikaruka nyuma ya ua wa kayaba. Miba ikanipokea. Osiako naye aliruka kutoka barazani, chai ikamwagikia kofia, akajitupa nyuma ya tangi la maji.

"Watu wazima," akasema mjukuu wangu Ashley, binti yao hao wawili. "Aki mnacheza kujificha?"

Ashley anasoma chuo Nakuru, hajaonja uzito wa mambo haya. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake ni watu wa heshima ya mbali. Hatupeani mikono. Hatutazamani usoni. Hatusemezani ana kwa ana. Na kulala chini ya paa moja, hilo hata kulitaja ni aibu. Tangu Osiako amwoe Mideva nimemjua kwa sauti na kwa viatu.

"Ashley," akaita kutoka nyuma ya tangi, "mwambie kukhu wako nilipata likizo juzi tu. Nikaona nije nimshangaze mama yako."

"Ashley," nikajibu kutoka kwenye miba, "mwambie baba yako amefaulu. Tumeshangaa."

"Kukhu, si anakusikia? Ako hapo tu."

"Mwambie!"

"Baba, Kukhu anasema umemshangaza."

"Mwambie asante."

"Kukhu, anasema..."

"Nimesikia."

Mildred alikuwa ameketi juu ya gunia letu la unga, anacheka, machozi yanamtoka.

Akina mama wenzangu, msidhani mipango yangu ilikuwa ya kubahatisha. Nilingoja Juni, mahindi yamepaliliwa mara ya pili na mbolea ya kukuzia imewekwa, shule zimefunguliwa, watu hawasafiri, bei zimelala. Sikuchukua vyumba, nilichukua nyumba nzima, kwa sababu vyumba vitatu vya hoteli vingemeza pesa yangu ya miwa yote. Unga tulibeba wa kwetu. Gari tulikodi moja, na dereva tukamwambia arudi kutuchukua alasiri ya siku ya tatu. Hata ng'ombe nilimpanga. Jirani yangu Abigail alimkamua wiki nzima kabla sijaondoka, amevaa leso yangu, ili mnyama asikatae mkono mgeni.

Na nikaweka sheria: matembezi mara moja kwa siku, basi. Likizo si mbio za kupokezana vijiti.

Nilifikiria kila kitu isipokuwa paa. Mideva aliniambia mume wake hapati ruhusa kazini, nikaamini, nikalipia nyumba moja.

"Nitarudi Nakuru," akasema Osiako.

"Ukirudi, narudi na wewe," akasema Mideva. "Mara ya mwisho umepata likizo Ashley alikuwa anatambaa. Sikuachi uende peke yako, na sikai hapa bila wewe."

"Mama yako je?"

"Mama... mama nitamtafuta Desemba."

Mlisikia hilo? Desemba! Niliona sufuria zangu zote zimejipanga, zinanisubiri.

"Hakuna anayeondoka," nikasema ndani ya leso. "Mtafuteni mwenye nyumba."

Mwenye nyumba ni mama mmoja mrefu aitwaye Jepkosgei, mwenye kucheka polepole. Alikuja na kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kulala, akaniona nyuma ya ua, akamwona mwingine nyuma ya tangi, akaelewa bila kuelezwa.

"Huyo ni mkwe?"

"Ni mkwe."

"Pole, mama. Hata kwetu kuna heshima hiyo."

"Una nyumba nyingine, dada? Hata ndogo?"

"Iko moja, lakini haina mabati. Tumeyatoa jana." Akanyoosha mkono. Kweli, ng'ambo ya uwanja kulikuwa na nyumba iliyovuliwa kofia, mafundi wamekaa juu ya mbao wanakula ndizi. "Wakati huu wageni hakuna, ndiyo tunatengeneza. Na ndiyo bei iko chini."

Nikakumbuka niliuliza kwa simu kama kuna maji ya moto, kama kuna blanketi za kutosha, kama mbwa huuma. Sikuuliza kwa nini ni rahisi. Nawe ukienda, uliza.

"Hakuna paa lingine kabisa?" akauliza Mideva.

"Paa lingine ni la jikoni. Liko nje, pale. Ni pasafi, kuna hata kitanda cha kamba."

Mildred akapiga makofi.

"Basi imekwisha! Mulamwa analala jikoni! Ngoja nimpigie Jairus."

"Weka simu chini," nikamwambia.

"Nimeteuliwa kuwa shahidi, si kuwa bubu."

"Sijaingia!"

"Utalala wapi, juu ya mti?"

Nilikimbia jiko la Navakholo nije nilale kwenye jiko la Iten! Na nikikanyaga tu kizingiti, maisha yangu yote ya uzee yamerudi motoni. Nilisimama pale, miba kwenye kiwiko.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya tangi.

"Ashley, mwambie kukhu wako mimi ndiye nitalala jikoni. Na kwa kuwa niko jikoni, mimi ndiye nitapika."

Mildred akaacha kucheka.

"Mwanamume? Ampikie mama mkwe wake? Wapi uliona?"

"Shangazi, nilipoanza kazi niliishi peke yangu. Njaa haina mkwe."

"Mama, utakula?" Mideva akaninong'oneza.

Nilifikiri. Nikasema, "Ashley akinipakulia, chakula ni cha Ashley. Sitauliza kilitoka wapi."

Hivyo ndivyo tulivyopata amani. Mizigo ikaingia ndani, Osiako akaingia jikoni na mkoba wake. Tukawekeana ishara moja: akitaka kutoka, aimbe wimbo wa kanisa kwanza, nami nigeuze kiti.

"Huyu mkwe wako huimbanga kama fahali aliyekwama matopeni," Mildred akasema baada ya ubeti wa kwanza.

"Afadhali. Hakuna atakayesema sikusikia."

Niwaambie ukweli wangu wote, sikujua kupumzika ni kazi. Asubuhi ya kwanza niliamka, nikavaa, nikatafuta kuni. Hakuna kuni. Nikatafuta ndoo. Ashley ameificha. Niliketi barazani mikono ikiwa mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Mbele yangu ardhi inakatika ghafla, na chini kabisa liko Bonde la Kerio, mawingu yanapita chini ya miguu yako wewe uliyezoea kuyatazama juu. Vijana wanakimbia barabarani wawili wawili, hawahemi, hawafukuzwi na mtu.

"Wanakimbilia nini?" nikamuuliza Ashley.

"Ndiyo kazi yao, Kukhu."

"Na mimi kazi yangu?"

"Kukaa."

Nikakaa.

Adui yangu hakuwa Mildred. Alikuwa harufu. Siku hiyo hiyo nilianza kusikia kitunguu kinaungua. Kitunguu kikianza kuungua, mwili wangu husimama kabla kichwa hakijaulizwa. Niliinuka. Mildred naye akainuka, simu mkononi.

"Nenda, mulamwa, nenda. Ni hatua chache tu."

"Ashley! Mwambie baba yako apunguze moto!"

"Baba, punguza moto!"

"Mwambie aongeze maji kidogo!"

"Baba, ongeza maji!"

"Na akoroge kutoka chini!"

"Kukhu," akasema Ashley, "sasa hapo si unapika?"

Mildred akaanza kubishana kwamba kupika kwa mdomo ni kupika. Mideva akasema ahadi ilitaja jikoni na mwiko, haikutaja mdomo. Walivutana mpaka chakula kikaiva. Nilikula. Obusuma, ugali wetu, ulikuwa laini, umegeuzwa vizuri, haukuwa na donge hata moja. Nilimrudisha Ashley na sahani tupu.

"Anasema nini?" nikasikia Osiako akiuliza kule jikoni.

"Hajasema. Amelamba kidole."

Kule ndani mtu akaanza kupiga mluzi.

Siku ya pili ilikuwa tamu, nami sina habari nyingi za utamu. Tulitembea mara moja, tukarudi, tukalala mchana. Mideva aliketi karibu na mlango wa jikoni, mume wake ndani, wakizungumza kama wachumba. Nilisikia binti yangu akicheka kicheko ambacho sijakisikia tangu alipokuwa msichana wa kuchota maji. Nikajisemea, hata nikishindwa, hicho nimekinunua.

Lakini sikuwa nashindwa. Siku ya tatu ilipoamka, Mildred mwenyewe alikuwa amenyong'onyea.

"Mpaka alasiri tu," nikamwambia. "Dereva akifika, nimeshinda."

"Alasiri iko mbali."

"Umempigia Jairus?"

"Nimemwambia hali ilivyo tu."

"Hali gani?"

"Kwamba nyumba ni kubwa, hewa ni nzuri, na wewe umekaa kama malkia." Akatazama pembeni. "Hakufurahi sana."

Ningepaswa kuelewa hapo hapo. Sikuelewa. Mideva na Ashley walienda sokoni na Jepkosgei kununua viazi vya kubeba nyumbani. Nikabaki mimi barazani, Mildred kando, na Osiako jikoni akisugua sufuria zake.

Karibu na adhuhuri geti likalia.

Nilidhani ni dereva amewahi. Nikaanza kucheka peke yangu. Halafu likaingia basi dogo la kanisa letu, lile la Navakholo, limejaa mpaka mlangoni. Wakashuka wake wa wanangu. Wakashuka binamu. Wakashuka watoto ambao siku hiyo, nawaapia, walipaswa kuwa darasani. Desemba nzima ilishuka pale Juni, ikatandaza mikeka kwenye nyasi za watu.

Wa mwisho kushuka alikuwa Jairus. Kwapani alikuwa na kuku hai.

"Mama!" akasema. "Tumesikia raha zako, tukasema hatuwezi kukuacha peke yako."

"Sikuwa peke yangu."

"Sasa hata kidogo hauko."

"Mmekula?"

Neno lilinitoka lenyewe. Jairus akatabasamu hadi masikioni.

"Hatujala, mama. Tutakula wapi na wewe upo?"

"Kuna jiko pale. Mna mikono."

"Sisi tutapikiwa na hawa," akasema, akionyesha wake wa ndugu zake. "Shida si sisi."

Akasogea kando. Nyuma yake, akishikiliwa mkono na mtoto, alikuwa Mzee Shikanga.

Shikanga ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, na wa Mildred pia. Nilipofiwa, kuna watu walitaka kunitoa shambani na watoto wangu. Ni yeye aliyesimama kwenye mpaka na fimbo yake akasema, atakayemgusa Phoebe aanze na mimi. Tangu siku hiyo, kila anapoingia kwangu, anachinjiwa ingokho, kuku wa heshima, nami naipika kwa mikono yangu, na firigisi naiweka mbele yake mimi mwenyewe. Kuku wa mzee wa mji hapikwi na mtu wa kupita. Hupikwa na mke wa mji huo. Jairus anajua. Ndiyo maana alimbeba mzee, na ndiyo maana alimbeba kuku.

"Phoebe, mwanangu," akasema mzee, akiketi kwenye kiti changu. "Hawa wamenitoa asubuhi na chai ya rangi tu. Wameniambia umenialika."

Nikamtazama Jairus. Jairus akatazama bonde.

"Karibu, mzee," nikasema.

"Nimekaribia. Nasikia huku umekuwa mgeni. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Basi tutaona," akasema, wala sikujua anamaanisha nini.

Jairus akaninyooshea kuku. Nikampokea. Ungefanya nini? Alikuwa jogoo mzito, mwekundu, ananitazama kwa jicho moja. Mildred akasimama juu ya ngazi ya baraza ili aone vizuri.

Nikatazama jiko. Ndani yake yumo mkwe wangu. Hata ningetaka kushindwa, nitaingiaje? Nikikataa kumpika kuku, nimemtukana mtu aliyeniokoa. Nikimpika, nimerudi motoni mpaka siku ya kufa. Na nikimtuma mke wa mwanangu, mzee atakula, lakini atajua.

Nikaanza kutembea. Hatua moja, nyingine. Nyuma yangu nikasikia Jairus akinong'ona, "Mmeona? Si niliwaambia?"

Hapo mlango wa jikoni ukafunguka.

Hakuna wimbo. Hakuna ubeti. Osiako alitoka mikono imejaa povu, visikizi vya simu masikioni, hana habari ya basi wala ya watu, akasimama mbele yangu umbali wa mkono. Nikamwona uso. Ana kovu dogo juu ya jicho, sikuwahi kulijua. Wanawake kwenye mikeka wakaguna kwa pamoja. Leso yangu ilikuwa begani, sina mkono wa kuivuta, kwa sababu ya jogoo.

Nilidhani atakimbia. Aliangalia watu. Akamwona mzee. Akamwona Jairus. Akamtazama kuku, na nikaona akielewa yote, polepole, kama mtu anayesoma barua.

Akafuta mikono kwenye suruali. Akainamisha macho chini. Na kwa mara ya kwanza tangu amchukue binti yangu, akanisemesha mimi, si Ashley.

"Mama," akasema. "Nipe huyo kuku."

Akanyoosha mikono yote miwili.

"Hawezi!" akapiga kelele Jairus. "Kuku wa mzee? Mkwe?"

"Mulamwa, usithubutu!" akalia Mildred.

Jogoo akapiga mabawa katikati yetu. Mikono yangu ilikuwa imeshaanza kusonga mbele, sijui ni mimi niliyeisongesha au ni uzito wake.

Nyuma yangu fimbo ikagonga sakafu ya baraza. Kiti kikalia. Mzee Shikanga, ambaye siku hizi hainuki bila kushikwa, alikuwa amesimama peke yake.

"Phoebe," akasema, "usimpe bado."